Baba Anayelea Peke Yake

Leo tuwazungumzie akina baba wa hapa kwetu Shanzu wanaolea watoto bila mama, awe amefariki au ameondoka. Wengi hufanya kazi hotelini au ulinzi wa usiku, na swali lao kubwa ni hili: nikienda zamu, mtoto alale na nani?

Wengine humfungia ndani. Hapana! Kibatari kikianguka nani atafungua mlango? Baba na aje kikundini na zamu zake za wiki, tumchagulie nyumba mbili tunazozijua vizuri, naye alipe kwa anachoweza, hata kuteka maji. Mtoto asizungushwe kila usiku nyumba mpya.

Kliniki nako baba huona haya, eti benchi ni la akina mama. Aende tu, kadi mkononi, nasi tumsogelee akae. Chanjo ya surua ni miezi 9, kisha 18. Hiyo ya pili wengi huisahau. Cheti cha kuzaliwa akitafute mapema, shuleni kitaulizwa.

Binti akikaribia kuvunja ungo, shangazi au jirani mmoja amweleze mapema. Pedi baba anunue mwenyewe, si aibu.

Na tuache kumwambia ampeleke mtoto kwa nyanyake kana kwamba yeye hawezi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, yasema baba na mama wana wajibu sawa, wawe wameoana au la. Mwenye zamu wiki ijayo, tuonane tukimaliza hapa.