Barabara ya Bula: Fedha Zatoka Wapi, na Mpango Waanza Lini?

(Maneno yaliyosemwa na mwanachama wa reli mbele ya mkutano wa wafanyi kazi, Garissa)



Sisi watu wa reli tumeombwa tuseme juu ya barabara. Huenda mwingine akauliza, reli na barabara ya bula zinahusiana nini, na hali Garissa haina reli? Ni kweli. Mpango wa LAPSSET, uliofunguliwa kule Lamu mwezi wa Machi 2012, ulitaja bandari, bomba la mafuta, barabara na reli ya kupita upande huu. Lakini hakuna chuma cha reli kilicholazwa katika mji huu. Kwa hiyo kila gunia la unga, kila mgonjwa na kila mbuzi wa soko hupita barabarani. Tena, kazi ya genge la reli ni kutunza njia, na njia ni njia, iwe ya chuma au ya lami. Yale tuliyojifunza huko twaweza kuwapa ninyi.

Barabara yenyewe mwaijua. Asubuhi punda wenye mapipa ya maji wanashuka, tuktuk zinapanda, lori la kokoto limesimama katikati likishusha mzigo, na mama zetu wamepanga maziwa na nyanya mpaka ukingoni kwa sababu hawakupewa mahali pengine. Jumatano, siku ya soko la mifugo, huongezeka ng'ombe na ngamia. Watoto wa duksi na wa skuli wapite wapi? Mama mja mzito anayekimbizwa hospitali apite wapi? Mvua ikinyesha, magurudumu yanazama, na mchukuzi anayelipwa kwa safari hana safari. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi hiyo ni taabu. Kwa kibarua wa siku hiyo ni njaa ya siku hiyo hiyo.

Sasa wote twasema, “Serikali itutengenezee barabara.” Neno hili ni jema, lakini halitoshi. Serikali ni nyingi, na barabara ina mwenyewe. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007 kuna mamlaka tatu: KeNHA kwa barabara kuu, kama ile ya kutoka Thika ipitayo hapa Garissa, KURA kwa barabara za mijini zilizo chini ya Serikali kuu, na KeRRA kwa zile za mashambani. Na Katiba ya 2010 iliziweka barabara za kaunti mikononi mwa serikali za kaunti. Basi neno la kwanza la kuuliza ni hili: barabara yetu imeandikwa katika daftari la nani? Mkipeleka barua kwa asiye mwenyewe, atawajibu kwa adabu kwamba si yake, na mwaka utakuwa umekwisha.

Neno la pili ni fedha. Watu hudhani fedha za barabara ni zawadi. Ndugu zangu, ninyi mwalipa kila siku. Katika kila lita ya petroli na dizeli kuna kodi ya kutunza barabara, iliyowekwa kwa sheria ya 1993. Tangu Julai 2024 kodi hiyo ni shilingi 25 kwa lita. Tufanye hesabu ya skuli ya msingi. Mwenye tuktuk akinunua lita 4 kwa siku, ametoa shilingi 100. Akifanya kazi siku 26, ametoa 2,600 kwa mwezi, na kwa mwaka 31,200. Tuktuk mia moja za namna hiyo ni shilingi 3,120,000 kwa mwaka. Hata mama asiye na gari hulipa, maana kodi hiyo imo ndani ya nauli na ndani ya bei ya sukari iliyoletwa na lori.

Lakini kulipa si kupata. Fedha hizi huenda Nairobi kwanza, kisha hugawanywa, na wanaogawana hawapatani sikuzote. Katika 2024 na 2025 magavana na Wabunge walivutana juu ya shilingi bilioni 10.5 za kodi hii, kila upande ukisema ni zake. Na katika 2025 shilingi 7 kati ya zile 25 ziliwekwa rehani ili kulipa madeni ya makontrakta waliokuwa wakingoja malipo yao. Maana yake, sehemu ya fedha za kesho imekwisha kulipa kazi ya jana. Hatusemi haya ili kulaumu. Twasema ili mtu asiwaambie kwamba chungu kimejaa na ni kuchota tu.

Kuna mfuko mwingine uliotungwa kwa ajili ya sehemu kama hizi zetu. Katiba, kifungu cha 204, iliweka Mfuko wa Usawazishaji: nusu shilingi katika kila shilingi mia za mapato ya Serikali kuu, kwa maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa nyuma. Katika orodha ya kwanza kaunti 14 zilitajwa, na Garissa ilikuwamo. Wazee wanajua kwa nini. Waraka wa Serikali Namba 10 wa 1965 ulisema fedha za maendeleo ziende kwanza mahali penye ardhi nzuri na mvua, ambapo zitazaa upesi. Kaskazini ikangoja. Sasa sikieni vema: mfuko huu ulipewa miaka 20 tangu 2010. Basi 2030 ndio mwisho wake, ila Bunge likiuongezea muda. Ulichelewa sana kuanza kazi, na saa haikusimama kuungoja.

Tumalize fedha, tuje kwenye mpango. Na hapa ndipo sisi wa genge tunapo neno zaidi. Katika reli twajua kwamba gari moshi haliharibu njia kama maji yanavyoiharibu. Tuta lisipokuwa na mfereji na kalvati, mvua moja hula kazi ya mwaka. Garissa kuna jua kali miezi mingi, na kwa hiyo mchoraji wa barabara akija wakati wa kiangazi huona mchanga mkavu, akadhani maji si neno. Mtu wa bula ndiye anayejua laga inashukia wapi, na nyumba ya nani huingiwa na maji kwanza. Mnakumbuka Novemba 2023, mvua za El Niño zilipoijaza Tana, na tena Aprili 2024: barabara ya Nairobi ilikatika ng'ambo ya daraja, upande wa Madogo, watu wakavushwa kwa mashua. Ikiwa barabara kuu ilishindwa, barabara ya bula yenye lami nyembamba isiyo na mifereji itaweza? Afadhali lami ya nusu ya urefu yenye mifereji pande zote mbili kuliko lami ya urefu wote isiyo na mfereji. Ya kwanza mtaimalizia mwaka ujao. Ya pili mtaijenga mara mbili.

Tena, mambo yaende kwa utaratibu. Kwanza hupimwa mipaka. Pili huhesabiwa wanaopita: si magari tu, bali punda, mikokoteni na waendao kwa miguu. Tatu huhamishwa mabomba ya maji na nguzo za umeme. Ndipo udongo, kokoto na lami. Tumeona mahali fulani, hatupataji, lami mpya iking'aa, na baada ya miezi michache watu wa bomba wakaja na sururu kuipasua katikati. Waliolipia lami ndio waliolipia kuipasua.

Sasa neno zito: wale wanaouza kando ya barabara. Barabara ikipanuliwa, vibanda vitaondoka. Wengine watasema, “Hao wamevamia, wafukuzwe.” Chama cha wafanyi kazi hakiwezi kusema hivyo. Mama anayeuza maziwa ya ngamia ni mfanyi kazi kama sisi, ingawa hana tajiri wala kadi ya mshahara. Katiba, kifungu cha 40, imeruhusu hata mtu asiye na hati, aliyekaa kwa nia njema mahali panapochukuliwa, aweze kufikiriwa malipo. Lakini malipo hayaji kwa kilio siku ya tingatinga. Huja kwa jina lililoandikwa kabla. Basi orodha ya wenye vibanda ifanywe mapema, na mahali pa kuwahamishia paonyeshwe, pasiwe mbali na wanunuzi. Mpango wa barabara usio na mpango wa soko utarudisha msongamano ule ule kabla ya mwaka kwisha, kwa sababu watu hawaachi kula kwa kuwa kuna lami.

Na kazi yenyewe nani ataifanya? Katika 1974 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa barabara za mashambani uliotumia majembe, sururu na mikono ya watu wa mahali penyewe kuliko mashine, na baadaye ukafuata ule ulioitwa Roads 2000. Kuchimba mifereji, kupanga mawe, kulaza matofali ya saruji ya njia ya miguu: hizi ni kazi ambazo vijana wetu wanaweza. Tutake iandikwe katika kontrakti kwamba vibarua watoke hapa, walipwe kwa wakati, na wapewe viatu na glavu. Ahadi ya mdomo ya kontrakta huondoka pamoja na greda lake.

Mwisho ni kalenda, na hili mlishike kuliko yote. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Lakini kwa Sheria ya Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huo hupelekwa katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Waraka wa kugawa fedha hufuata kabla ya 28 Februari, na makadirio kabla ya 30 Aprili. Maana yake, mtu anayekuja kupiga kelele mwezi wa Juni amekuta chakula kimekwisha gawanywa. Barabara isiyoandikwa mwezi wa Agosti haina fedha Julai ijayo, hata ikiwa mbaya namna gani.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, tunaleta maneno manne mbele ya mkutano huu.

Moja: halmashauri iandike barua kuuliza barabara hii ni ya nani, na imetengewa nini. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 yataka jibu katika siku 21. Nakala ibaki na Katibu.

Mbili: wachaguliwe watu sita, wanaume watatu na wanawake watatu, mmoja awe wa mikokoteni na mmoja wa soko, wahesabu wanaopita Jumatano moja na siku moja ya kawaida, na waonyeshe kwa alama mahali pote maji yanaposimama.

Tatu: orodha ya wenye vibanda iandikwe na wenyewe watie sahihi au dole gumba.

Nne: karatasi hizo zipelekwe kwa diwani na kwa ofisi ya mipango ya kaunti kabla ya Agosti kwisha, si na mtu mmoja bali na ujumbe. Na mkutano wa maoni ya wananchi ukiitwa, twende, hata ukiitwa saa ya kazi. Tupeane zamu kama genge linavyopeana zamu.

Barabara ikijengwa, kazi haijaisha. Katika reli kila kipande cha njia kina watu wake wa kukikagua. Na bula iwe hivyo: mfereji ulio mbele ya duka lako uwe safi, na ufa ukionekana uandikwe upesi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa barabara ni ghali mno.

Haya ndiyo tuliyotumwa kusema. Sasa twangoja kura zenu juu ya yale maneno manne.