Wino Mweusi: Weusi Sio Udumifu



Leo tunapenda kuzungumza nanyi juu ya wino mweusi wa kalamu ya nibu, yaani kalamu inayojazwa wino kutoka kwenye chupa au kuwekewa katriji iliyojazwa kiwandani. Kalamu hizi bado zina wapenzi wake, hasa watu wanaoandika kwa saa nyingi, kwa kuwa hazimlazimu mwandishi kukandamiza karatasi. Fomu nyingi nazo huagiza wino mweusi, kwa sababu huonekana vizuri katika nakala za mashine.

Jambo hili si dogo kama linavyodhaniwa. Watu wanapouziana shamba, mzee anapoandika wosia, au mhazini wa kikundi anapojaza daftari la mikopo, kila mmoja hutaraji maandishi hayo yasomeke hata baada ya miaka mingi. Paa likivuja usiku mmoja, saini ikageuka doa, haki ya mtu imeingia mashakani. Kwa hiyo tunawaomba mzingatie jambo moja kuu: neno "mweusi" juu ya chupa hueleza rangi tu, halielezi uimara wa wino.

Wino mweusi wa kalamu hizi ni wa aina kuu tatu.

Aina ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, hutengenezwa kwa rangi zilizoyeyushwa majini. Mara nyingi weusi wake ni mchanganyiko wa rangi kadhaa. Ndiyo maana tone la maji linapoanguka juu yake huweza kutokea mizunguko ya buluu, zambarau au kijani. Wino huu hutiririka vizuri, husafishika kwa urahisi na hauisumbui kalamu. Unafaa kwa madaftari ya shule na barua za kila siku. Udhaifu wake ni maji: baadhi huacha kivuli cha kijivu kinachosomeka, na baadhi hufutika karibu wote.

Aina ya pili hubeba chembe ndogo mno za kaboni, kitu kile kile kilichomo katika masizi. Wamisri wa kale waliandika kwa wino wa kaboni juu ya mafunjo, na maandishi yao mengi yanasomeka hadi leo, kwa sababu kaboni haipaushwi na mwanga. Wino wa namna hii uliotengenezwa kwa ajili ya kalamu ya nibu, ukishakauka karatasini, huhimili maji vizuri. Lakini ukikaukia ndani ya kalamu huziba njia zake, na kuuondoa ni kazi ngumu.

Aina ya tatu ni wino wa chuma. Huu hutokana na chumvi ya chuma pamoja na tanini, dawa ya asili inayopatikana pia katika majani ya chai na katika maganda ya mikoko yaliyotumiwa tangu zamani kutengenezea ngozi. Unapoandika huonekana hafifu, kisha hewa huukoleza hadi ukawa mweusi, nao hushikamana na nyuzi za karatasi. Unahimili maji, lakini una asidi, na usiposafishwa huweza kuila nibu ya chuma.

Tunatoa onyo moja hapa. Wino mweusi wa wachoraji, ulio na gundi ndani yake, usitiwe kamwe katika kalamu ya nibu. Chupa zake huweza kufanana na nyingine, lakini gundi hiyo ikikauka kalamu huharibika. Soma lebo kwanza; kama haisemi kwamba wino ni wa kalamu ya nibu, muulize muuzaji kabla hujalipa.

Kadhalika, msiridhike na maneno "wa kudumu" yaliyochapwa juu ya chupa. Ulizeni: unadumu dhidi ya nini? Wino huweza kuvumilia jua bila kuvumilia maji. Jibu la hakika mtalipata kwa majaribio mepesi ya nyumbani, kwenye karatasi ile ile mnayoitumia siku zote.

Kwanza, jaribio la maji. Andika mistari miwili, uache ikauke siku nzima. Dondosha matone ya maji juu ya mstari mmoja, subiri dakika 5, kisha kausha kwa kitambaa bila kusugua. Kama hauwezi tena kuusoma, wino huo usiandikie hati.

Pili, jaribio la mwanga. Funika nusu ya maandishi kwa karatasi nzito, uyaweke dirishani penye jua kwa mwezi mmoja. Kisha linganisha nusu hizo mbili.

Tatu, jaribio la kukauka. Andika maneno matatu, uyapitishie kidole baada ya sekunde 5, 10 na 20. Jaribio hili linawahusu zaidi wanaoandika kwa mkono wa kushoto, na pia wanaoandika herufi za Kiarabu kwa mkono wa kulia, kwa kuwa kiganja chao huweza kupita juu ya maneno mabichi.

Nne, geuza karatasi. Ukiona wino umepenya upande wa pili, au kingo za herufi zimetoa vinyweleo, usiulaumu wino peke yake. Karatasi nyepesi inayonyonya sana husababisha hayo, na nibu nene huyazidisha. Karatasi laini iliyokaza huchora herufi safi, ila wino huchelewa kukauka juu yake.

Kuhusu matunzo: funika kalamu kila umalizapo kuandika, maana joto hukausha wino kwenye nibu. Usichanganye wino wa aina mbili, kwani huweza kugandana. Kabla ya kubadili wino, suuza kalamu kwa maji safi ya baridi hadi yatoke meupe. Maji ya moto na spiriti huweza kuharibu sehemu za plastiki.

Kuhusu bei: linganisheni gharama kwa mililita. Katriji ndogo huchukua chini ya mililita 1 ya wino, ilhali chupa ya mililita 50 hujaza kalamu ya mililita 1 mara 50 hivi. Gawanya bei kwa mililita, nawe utajua kipi ni rahisi kweli. Hata hivyo, anayeandika kurasa chache kwa mwezi asinunue chupa kubwa kwa sababu ya unafuu huo tu.

Mwisho, dai risiti na uitunze pamoja na boksi. Hapa Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kutoa maelezo ya kupotosha kuhusu bidhaa. Lebo ikisema wino hautoki kwa maji, nao ukatoka, rudi kwa muuzaji ukiwa na risiti, chupa, na karatasi ya jaribio lako. Karatasi hiyo ni ushahidi anaoweza kuuona kwa macho yake.

Ndugu zetu, barua ya salamu inaweza kuandikwa kwa wino wowote unaoupendeza moyo. Lakini hati ya shamba, wosia na daftari la fedha za watu viandikwe kwa wino mliokwisha kuujaribu kwa maji na kwa jua.