Utando wa Uzazi na Tiba ya Vidonda

Katika kila uzazi hutoka mwilini mwa mama kitu ambacho hospitali nyingi hukihesabu kuwa taka, nacho ni kondo la nyuma pamoja na utando mwembamba uliomzunguka mtoto na maji yake, ule ambao ukiachia, wakunga husema kwamba chupa imepasuka. Utando huo, ambao wataalamu huuita amnioni, umetumika katika upasuaji tangu mwaka 1910, pale daktari Mmarekani John Staige Davis alipoutumia mahali pa ngozi, na tangu hapo umetibu majeraha ya moto, macho yaliyofanyiwa upasuaji na vidonda vinavyokawia kupona.

Siri ya utando huo imo katika maumbile yake. Amnioni haina mishipa ya damu wala neva, na seli zake haziamshi kwa nguvu kinga ya mwili, kwa hiyo kipande kilichotoka kwa mama mmoja huweza kuwekwa juu ya kidonda cha mtu mwingine pasipo mwili wake kukikataa upesi. Kikilazwa juu ya kidonda kilichokwisha kusafishwa, hupunguza maumivu kwa kufunika ncha za neva zilizo wazi, huhifadhi unyevu, hutuliza uvimbe na kuzisaidia seli za ngozi kutambaa kutoka kingoni. Hata hivyo, hicho ni kifuniko tu, si ngozi mpya: moto ukiunguza tabaka zote, mgonjwa bado atapandikizwa ngozi yake mwenyewe, na hapo amnioni hufaa kufunika sehemu ya paja iliyochunwa ngozi hiyo.

Jambo hili lina uzito wake Lilongwe, mji mkuu wa Malawi, ambako Hospitali Kuu ya Kamuzu ina kitengo cha majeraha ya moto, na wengi wanaolazwa humo ni watoto waliomwagikiwa maji au uji wa moto, au walioanguka mekoni. Hatari hiyo iko pia Dzaleka, wilayani Dowa, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la kisiasa zama za Rais Kamuzu Banda, ikakusudiwa watu wapatao 10,000, na ambayo leo imebeba zaidi ya 50,000, wengi wao wakiwa Wakongo, Warundi na Wanyarwanda wanaopikia kuni na mkaa katika nyumba zilizobanana. Jeraha likishinda uwezo wa kituo cha afya cha kambi, mgonjwa hupelekwa Dowa, au Lilongwe, safari ya zaidi ya kilomita 40.

Katika mji huohuo wa Lilongwe, hospitali ya Bwaila huzalisha maelfu ya akina mama kila mwaka, kwa hiyo utando wenyewe haukosekani. Kinachogharimu ni usalama wake. Utando huchukuliwa kwa mama aliyepangiwa kujifungua kwa upasuaji, ili usipite penye vijidudu, naye hupimwa VVU, homa ya ini na kaswende. Kisha huoshwa na kuhifadhiwa katika gliserini, au kwa kugandishwa, au kwa kukaushwa na kupigwa mionzi, na benki nyingi za tishu humpima mama tena baada ya miezi 6, kwa kuwa maambukizi mapya huweza kujificha. Katika nchi ambayo mwaka 2020 karibu asilimia 9 ya watu wazima walikuwa wakiishi na VVU, hakuna hatua ya kurukwa. Lakini Malawi haianzi mikono mitupu, kwani mwaka 2011 ilitangulia nchi zote kuwapa wajawazito wote wenye VVU dawa za kudumu, na kupima damu kliniki ni jambo lililozoeleka.

Linalobaki ni ridhaa. Katika jamii nyingi za ukanda huu kondo huzikwa kwa heshima, wala si takataka ya mtu yeyote kujichukulia, hata akiwa na nia njema. Kwa hiyo mama aombwe mapema, kliniki, kabla uchungu haujamshika, kwa lugha anayoielewa, ambayo kwa mkazi wa Dzaleka huweza kuwa Kiswahili, Kirundi au Kinyarwanda. Na akikataa, huduma yake isipungue hata chembe. Benki ya tishu ikiwekwa Lilongwe bila mkalimani, itakuwa imejengwa nusu.