Vioo vya Giza Katika Mabasi

Basi litokalo Kigali huchukua muda wa saa tatu hivi kufika Gisenyi. Abiria wa Nengo aliyeketi dirishani alasiri hushuka amechomwa na jua. Ndiyo maana wapo wadaio vioo vya giza. Hata hivyo, sheria ya Kenya inavikataza katika magari ya abiria, kwani gizani uhalifu hujificha. Je, abiria achague kati ya joto na usalama? La hasha! Karibu nusu ya nguvu za jua ni miali isiyoonekana kwa macho. Upo utando angavu wa kubandika kiooni, uzuiao miali hiyo pasipo kutia giza. Wenye mabasi waugharimie huo: abiria apumue, na askari aone ndani.