Shukrani Inayokumbuka: Kulea Moyo wa Shukrani Katika Ibada na Sala

Mada kwa semina ya wazee wa kanisa, viongozi wa jumuiya na walimu wa kwaya

Utangulizi

Wapendwa, sikuja kuwaambia kwamba sharika zetu hazishukuru. Tunazo bahasha za shukrani, tunayo sikukuu ya mavuno na mnada wake, na karibu kila Jumapili kuna familia inayosogea mbele kwa sababu kijana amepata kazi au mgonjwa ametoka wodini. Ninachouliza ni hiki: nani anabaki kwenye benchi wenzake wanapokwenda mbele? Tumezoea kushukuru mambo yanapotunyookea. Maandiko yanajenga shukrani juu ya kumbukumbu, na hapo hata aliyekosa mavuno ana la kusema.

1. Kapu la malimbuko

Kumbukumbu la Torati sura ya 26 inampa mkulima utaratibu kamili. Anatia malimbuko kapuni na kumpelekea kuhani, kisha anatakiwa aseme. Haanzi na shamba lake. Anaanza na baba yake wa kale aliyekuwa akitangatanga, anasimulia walivyoshuka Misri wakiwa wachache, walivyotumikishwa, walivyolia, na Mungu alivyowatoa. Mazao ya mwaka huo anayataja mwisho kabisa. Baada ya hapo anafurahi pamoja na Mlawi, ambaye kabila lake halikugawiwa ardhi, na mgeni anayeishi kati yao.

Mambo ya Walawi sura ya 7 inaongeza sharti: nyama ya sadaka ya shukrani iliwe siku ileile, isilale. Familia moja haimalizi ng'ombe kwa siku. Kwa sharti hilo, mwenye sadaka hakuwa na budi kuita watu.

Hatua basi ni tatu: kukumbuka, kutamka, kugawana. Sisi mara nyingi tunaanzia kwenye kapu na kuishia hapohapo.

2. Shukrani isiyoficha machozi

Zaburi ya 107 inaita makundi manne yashukuru: waliopotea nyikani, wafungwa, wagonjwa na mabaharia waliokumbwa na dhoruba. Kila kundi linasimuliwa shida yake kwanza, kisha kilio, kisha wokovu. Shuhuda zetu huruka kilio, zikabaki habari za ushindi tu.

Tena Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la shukrani, nayo imo katika Biblia. Aliyezika juzi asisukumwe mbele kushukuru. Usharika umshukurie Mungu kwa niaba yake mpaka kinywa chake kifunguke.

Hata hivyo shukrani haingoji raha. Paulo aliwaandikia Wafilipi akiwa kifungoni, na katika sura ya 4 akawataka wapeleke haja zao pamoja na kushukuru. Martin Rinkart alikuwa mchungaji Eilenburg, Ujerumani, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini. Tauni ya 1637 iliua watu wengi mjini humo, mkewe akiwamo, na Rinkart mwenyewe akazika maelfu. Wimbo wake maarufu wa kumshukuru Mungu ulitoka katika miaka hiyo ya vita.

3. Sala zetu

Wakoma kumi wa Luka 17 wote waliomba, na wote walitii walipoambiwa waende kwa makuhani. Mmoja tu, Msamaria, alirudi. Wale tisa hawakukosa imani ya kuomba; sala yao ilikoma walipopata. Nasi wiki hii tunaombea mvua, wiki ijayo imenyesha na tayari tunaombea ada. Tunajiridhisha kwa sentensi moja ya kushukuru kwa yote, ambayo haimtaji mtu wala jambo.

4. Mapendekezo

(a) Jumuiya iwe na daftari la maombi. Kila kikao kianze kwa kusoma haja za wiki iliyopita: kilichojibiwa kishukuriwe kwa jina, ambacho bado kiendelee kuombewa.

(b) Sala ya shukrani katika ibada ipewe nafasi yake na iandaliwe. Mzee wa zamu aulize mapema: nani amejifungua, ugomvi gani umesuluhishwa?

(c) Zaburi ya 136 ina aya 26, kila moja na kiitikio chake. Kwaya iongoze, usharika uitikie. Inatoka uumbaji, inapita Misri, inafika kwenye chakula cha kila mwenye mwili.

(d) Kiasi cha sadaka ya shukrani kisitangazwe. Mnada wa mavuno uendelee, ila sehemu ya mazao isinadiwe. Ifikishwe siku hiyohiyo kwa wajane na wazee wasiojiweza.

Mtunza hazina ataniuliza kama mapato hayatashuka. Huenda yakashuka kwa muda. Lakini anayetoa ili aonekane hutoa akiwa na cha kuonyesha. Anayekumbuka alikotolewa hutoa hata msimu mbaya.

Maswali ya majadiliano

1. Katika usharika wako, ni akina nani ambao hawajawahi kusimama kushukuru, na kwa nini?

2. Ni haja gani jumuiya yenu iliomba mwezi uliopita, ikajibiwa, na hamjarudi kushukuru?

3. Ni pendekezo lipi mnaweza kulianza Jumapili ijayo, na nani atalisimamia?