Tahadhari Ifike Hadi Mlangoni

Hotuba ya Mratibu wa Maafa wa Wilaya katika mkutano wa hadhara wa wakazi wa kata



Mvua za vuli zimekaribia, nami nimekuja kwa jambo moja: safari ya tahadhari kutoka redioni hadi mlangoni pa kila kaya.

Mwanzoni mwa Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitangaza mapema kwamba Kimbunga Hidaya kilikuwa kikielekea pwani yetu. Kabla hakijafika Mafia tarehe 4, wavuvi walikwisha kuonywa na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa. Lakini si kila janga hutoa siku za kujiandaa. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, na zaidi ya watu 80 wakapoteza maisha. Maafa ya namna hiyo hutoa dakika tu.

Ndugu wananchi, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Waliotunga sheria walitambua kile ambacho wahenga walikwisha kukisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Gari la uokoaji litoke wilayani usiku, na barabara imekatika, litafika lini? Atakayefika kwanza ni jirani.

Kwa hiyo, kabla mvua hazijaanza, naomba kila kitongoji kikamilishe mambo manne.

Kwanza, kaya zenye wazee wanaoishi peke yao, wagonjwa, wajawazito na watu wenye ulemavu ziorodheshwe, na kila kaya ipangiwe jirani wa kuiamsha na kuisaidia kuondoka.

Pili, tukubaliane mlio mmoja wa hatari, iwe ngoma au filimbi, usiotumika kwa shughuli nyingine.

Tatu, njia ya kwenda mahali pa juu ijulikane hata kwa watoto, wala isivuke korongo.

Nne, ijulikane nani anatunza ufunguo wa shule tutakayokimbilia. Jengo imara lililofungwa usiku wa mafuriko halimwokoi mtu.

Mkisikia neno angalizo, fuatilieni taarifa. Mkisikia tahadhari, jiandaeni kuondoka. Mkisikia tahadhari kubwa, walio mabondeni wasisubiri kuyaona maji. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji linapatikana kwa namba 114 bila malipo.

Najua ni vigumu kuiacha nyumba, mifugo na akiba ya chakula kwa sababu ya mvua ambayo huenda isinyeshe. Atakayerudi na kukuta nyumba kavu asijione amedanganywa. Amerudi akiwa hai, na watoto wake wamejifunza njia.