Barua Nzuri Haiandikwi Mara Moja

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo, Manyovu)



Leo tuzungumze juu ya kuandika. Wengi wenu mnasoma gazeti hili bila msaada. Lakini mtu akipewa kalamu, anasema: "Mwalimu, niandikie wewe." Anaogopa kukosea. Ndugu zangu, kukosea si aibu. Hasara ni kuacha haki yako ipotee.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana shamba la kahawa. Jirani ameng'oa miti ya mpaka, akaingia hatua 12. Mama anataka kupeleka malalamiko kwenye Baraza la Ardhi la Kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza hilo liwe na wajumbe 7, na 3 kati yao wawe wanawake. Mama anaandika haraka: "Jirani yangu mtu mbaya sana, ananionea." Basi, amemaliza. Je, wajumbe watajua nini? Shamba lipi? Lini? Nani aliona?

Sasa tufuate hatua.

Kwanza, fikiri. Jiulize: Namwandikia nani? Nataka afanye nini? Ukitaka kuwaza kwa Kiha, waza tu.

Pili, panga. Andika maneno machache: shamba liko wapi, nililipataje, nini kilitokea, tarehe gani, mashahidi ni akina nani, naomba nini.

Tatu, andika. Usikwame kwa sababu ya herufi moja. Toa yote kwanza.

Nne, soma kwa sauti. Msomee mtu unayemwamini. Akiuliza "Nani huyo?" au "Wapi hapo?", ujue pana pengo. Lizibe. Na matusi yafute. Matusi si ushahidi.

Tano, sahihisha. Angalia majina, tarehe na nukta.

Sita, nakili kwa mwandiko safi. Weka jina, tarehe na sahihi. Andika nakala 2. Moja ibaki nyumbani kwako.

Mtasema, "Kazi hii ni ndefu!" Ni kweli. Lakini hata Mwalimu Nyerere alirudia kazi yake. Mwaka 1963 ilitoka tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare, ikiitwa Julius Caezar. Hakuridhika. Akaisahihisha, ikatoka tena mwaka 1969. Hata jina lilibadilika, likawa Juliasi Kaizari. Kama Mwalimu alirudia, sisi tuone haya kwa nini?

Basi, kazi ya wiki hii: kila mmoja aandike barua moja juu ya jambo linalomsumbua kweli. Njoo nayo darasani hata kama ina madoa na mikwaruzo. Hiyo mikwaruzo ndiyo nitakayoifurahia, maana itanionyesha kuwa ulisoma tena.

Elimu haina mwisho.